Mzee Aliyepandisha Prosesa

Najua utacheka. Cheka tu, hata mimi ningekuwa wewe ningecheka, maana kazi yangu ni kompyuta, na mtu wa kompyuta akianza kusimulia habari za wafu anaonekana amechoka. Lakini haya hayakumpata shoga yangu wala jirani wa shoga yangu. Yalinipata mimi, kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Msamvu, mchana kweupe, mvua ya masika inanyesha na redio ya muuza chipsi wa mlango wa pili inapiga kelele kama kawaida yake. Sikuwa na homa wala usingizi. Nilikuwa na njaa kidogo tu.

Kwanza unijue mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni Mnyamwezi, mama wa watoto wawili, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kuacha kitu bila kujua kwa nini. Mafundi wenzangu mashine ikiwasumbua wanafuta kila kitu na kuanza upya, mteja anapoteza picha zake, imeisha hiyo. Mimi nitakaa na hitilafu kutwa nzima. Mume wangu husema siku nikifa nitamhoji Izraili amepitia mlango gani.

Asubuhi ile alikuja mwalimu mmoja wa kutoka Kinole, huko juu milimani, jina lake Zuhura. Alikuwa na diski ya kompyuta ameiviringisha kwenye kanga mara tatu, ameikumbatia kifuani mvua isiiguse. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

"Dada, baba yangu amefariki," aliniambia. "Jumamosi hii ndiyo arobaini yake. Alikuwa mpiga video wa harusi na misiba, kazi zake zote zimo humu. Lakini mimi sitaki harusi za watu. Nataka kitu kimoja tu."

Akanieleza. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi kumi na mmoja. Hakubaki na picha ya maana, ila baba yake aliwahi kumrekodi mkewe kwenye kaseti akimbembeleza mtoto alale. Kaseti ilipoanza kuota ukungu, mzee akauhamishia ule wimbo kwenye kompyuta. Na katika maisha yake yote hakuwahi kumsikilizisha binti yake. Akiwa mdogo aliambiwa subiri ukue. Alipokua akaambiwa siku nyingine. Sasa ana miaka thelathini na sita, baba hayupo, na sauti ya mama yake hajawahi kuisikia hata mara moja.

Niliichomeka diski kwenye mashine yangu nikaisikiliza. Ilikuwa inagonga, ta, ta, ta. Diski ikianza kugonga hivyo, usiahirishe. Inaweza kuishi siku mbili, inaweza kufa ukiwa unakunywa chai. Nikamwambia ukweli: leo au basi. Akasema atakwenda kwa shangazi yake hapa mjini, atarudi saa kumi, na akaniomba kwa jina la Mungu nisimwangushe.

Sasa hapa lazima nikueleze namna ninavyofanya kazi, maana kosa langu limo humu. Ukitaka kuhamisha mafaili kutoka diski moja kwenda nyingine, unaweza kukopi au kukata. Ukikopi, faili linabaki kule na jingine linakuwa huku. Ukikata, likishafika huku linafutika kule. Kitabu kinasema kopi. Lakini mimi nimejifunza kazi katika mji ambao umeme unakatika bila kuaga. Ukiwa unakopi mafaili elfu tatu na umeme ukaondoka, ukirudi hujui lipi limefika na lipi limeishia njiani. Ukikata unajua mara moja: kilichobaki kule ndicho ambacho hakijahamishwa. Kwa hiyo mimi nakata, miaka yote, hata vidole havinisubiri nifikirie. Nikaanza na folda ya kwanza, harusi za mwanzo mwanzo, nikashika chai yangu.

Alipoingia yule mzee sikusikia mlango, lakini mlango wangu ni pazia tu, kwa hiyo hilo halikunishtua. Alivaa kanzu na juu yake koti la kijivu lenye mifuko mingi, kofia kichwani. Alitafuta kiti cha plastiki pale nyuma yangu akakaa, akashusha pumzi kama mtu aliyeteremka mlima kwa miguu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukaa na mzigo." Akaonyesha diski kwa kidevu.

"Wewe ni ndugu yake mwalimu Zuhura?"

"Wa nyumbani kwao."

"Kinole?"

"Kinole hasa, kule kwenye mananasi."

"Basi pole, umeingia kwa mtani wako. Mimi Mnyamwezi. Na wewe nyanyua huo mguu nione, maana nyie Waluguru mguu mmoja mfupi kwa kutembea kwenye miteremko."

Akacheka sana, akapiga goti lake. "Ndiyo maana mzigo wetu ameuleta kwako Zuhura! Wanyamwezi mmeumbiwa kubeba mizigo ya watu." Toka hapo tukawa tunaitana mtani, na kwa sababu hiyo sikumuuliza jina. Mtani akishakuwa mtani, jina la nini?

Ndipo feni ya mashine ikaanza kuvuma. Niliangalia, prosesa, yaani ubongo wa mashine, imepanda hadi tisini na nane kwa mia. Ngoja nikueleze kwa nini hilo ni jambo la ajabu. Kuhamisha mafaili ni kazi ya diski, siyo ya prosesa. Prosesa inatoa amri tu, kisha inakaa pembeni, inatumia nguvu kidogo mno, nne, tano kwa mia. Ikiwa inatoka jasho, kuna mtu anaifanyisha kazi nyingine. Na ikizidiwa, kila kitu kinakwenda polepole, na diski inayokufa haina muda wa polepole.

Nilianza na mshukiwa wa kwanza, programu ya kukinga virusi, ambayo hupenda kufungua kila faili linalopita. Nikaizima, haikusaidia. Nikazima ile huduma inayoorodhesha mafaili kwa ajili ya kutafuta, bado tisini na saba. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu. Nikaangalia kama diski imeangukia kwenye utaratibu wa kizamani, ule ambao prosesa inabeba kila punje yenyewe kama mwenye nyumba anayejaza pipa kwa kikombe ilhali bomba lipo. Haikuwa hivyo. Nikafungua orodha ya programu zinazokula nguvu, nikazijumlisha zote. Hazikufika kumi. Tisini nyingine ilikuwa inaliwa na nani?

Nikahamishia diski kwenye mashine ya pili, ya mteja mwingine, nzima kabisa. Ikapanda vilevile. Na mtani wangu muda wote huo alikuwa anapiga hadithi. Harusi ikipita kwenye kioo, jina la folda tu ndilo linaonekana, namba na tarehe, yeye anaanza: "Hii ndiyo ile bibi harusi alitorokea jikoni, tukamkuta anakula ukoko na wapishi." Nilicheka mpaka nikasahau hasira.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mzee akasema anakwenda kuswali, akatoka. Sikiliza sasa. Feni ikanyamaza. Prosesa ikashuka, nne kwa mia. Mafaili yakaanza kukimbia, harusi kumi na mbili zikahama ndani ya dakika chache. Nikashukuru Mungu, nikadhani hitilafu imejiponya, japo hilo huwa linaniudhi kuliko hitilafu yenyewe.

Mzee akarudi, akakaa. Tisini na saba.

Unaelewa nilichokuwa nafikiria? Ukibadilisha kitu kimoja kimoja, ukaona tatizo linakuja na kuondoka na kitu hicho, umepata chanzo. Nikamwambia, "Mtani, hebu nichungulilie hapo nje kama mvua imepungua." Akatoka hatua tatu. Nne kwa mia. Akarudi, tisini na nane. Nikamwomba aangalie kama muuza chipsi amefungua. Nne. Mara ya tatu nikamtuma akaangalie bango langu limeandikwa nini. "Wewe mwenyewe bango lako hulijui?" akauliza, lakini akaenda, na prosesa ikashuka. Sikuogopa, amini usiamini. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akikamata panya.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumtoa nje hadi kazi iishe. Kabla sijafanya hivyo nikafungua zile harusi kumi na mbili zilizohama akiwa msikitini, kuhakikisha. Picha safi. Watu wanacheza, wanawake wamefungua midomo wanapiga vigelegele, mpiga ngoma anapiga kwa nguvu zake zote. Hakuna sauti. Nikaongeza sauti hadi mwisho, nikabadilisha spika. Zote kumi na mbili bubu. Nikafungua zile zilizohama akiwa amekaa kitini, ngoma ikalia mpaka kikombe kikatikisika mezani.

Ndipo nikaona kioo. Kwenye mojawapo ya zile harusi bibi harusi anapakwa poda mbele ya kioo kikubwa cha kabati, na ndani ya kioo anaonekana mpiga video ameinama na kamera yake. Koti la kijivu lenye mifuko mingi. Nikasimamisha picha. Nikageuka taratibu. Mtani wangu alikuwa ananitazama kwa upole, mikono magotini.

Ungekimbia? Mguu mmoja ulitaka. Lakini mimi ni mtani, na mtani wa Mluguru ndiye anayelala kaburini kuzuia maziko, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake watu wacheke katikati ya kilio. Kama kuna mtu maiti hawezi kumkasirikia, ni mtani wake. Nikasema, "Mtani, kumbe umekufa na hunipi taarifa."

"Ungekuja na kelele zako," akajibu.

Nikapata nguvu ya kuuliza. Nikamwomba anisimulie tena ya bibi harusi aliyekula ukoko, ili nijitulize moyo. Akanitazama. "Bibi harusi yupi?"

"Uliyenisimulia asubuhi. Aliyetorokea jikoni."

"Hiyo siijui mimi." Na hakuwa anatania. Nikamuuliza harusi nyingine iliyokwisha kuhama, haijui. Nikamuuliza moja ya zile bubu. Hiyo akaanza kuisimulia mara moja, hadi ngoma akaipiga kwa vidole kwenye mkono wa kiti. Nikamuuliza ambayo haijahamishwa, anaijua yote, hadi nani alimkanyaga nani. Hapo nikaelewa. Sauti zilikuwa kwake. Akiwa amekaa alikuwa anazitoa, ndiyo hiyo kazi iliyokuwa inaitoa prosesa jasho, na mimi kila kilichofika huku nilikuwa namfutia kule. Kata, kata, kata, tangu asubuhi. Nilikuwa namnyonyoa mtu mzima kumbukumbu zake huku nacheka hadithi zake.

Nikasimamisha kila kitu, nikamwomba radhi. Akasema harusi za watu hazimuumi, wenyewe wapo. Nikamwuliza ule wimbo uko wapi. Akanionyesha faili moja peke yake chini kabisa, halina hata jina, namba tupu. Nikaweka kukopi. Prosesa ikapiga mia kwa mia, na faili halikusogea. Sifuri. Diski ikagonga. Nikajaribu tena, sifuri.

"Hiyo iache, mtani," akasema kwa sauti ndogo.

"Mwanao anakuja saa kumi."

"Najua. Nilikuwa namsikiliza mke wangu peke yangu usiku, kila siku, miaka yote. Nikadhani mtoto akisikia atalia, kisha nikaona sijui nitamwambia nini kwa kuchelewa. Sasa imebaki hiyo tu ninayoitaka."

Nilimwonea huruma, nakuambia kweli, na pia nilimkasirikia. Mtu kapewa mke na sauti yake, mtoto hakupewa hata kimoja. Nikasimama mbele yake. "Msibani kwako sikuja," nikamwambia, "na mtani akifiwa na mtani wake ana haki ya kuchukua kitu chochote, wenye msiba hawamkatalii. Sijachukua changu. Leo nachukua. Nipe wimbo."

Mvua ikasikika juu ya bati. Kisha akacheka kidogo, macho yamejaa maji. "Wanyamwezi nyie. Chukua."

"Nitakopi, sitakata. Utabaki nao na wewe."

"Fanya haraka."

Diski ikagonga mara nne mfululizo, kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Taa ikafifia, ikawaka. Nikajua umeme unaondoka, na nilijua diski hii ikizimika haiwaki tena. Nikarukia kipanya, vidole vikafanya vilichozoea kufanya miaka yote bila kunisubiri. Mstari wa kijani ukakimbia hadi mwisho. Prosesa ikaanguka kutoka mia hadi nne. Nikaangalia diski ya zamani, lile faili halipo.

Nilikuwa nimekata.

Diski ilizimika hapohapo na haikuwaka tena hadi leo. Umeme haukukatika, fikiria. Ulififia tu ukarudi.

Zuhura aliingia hata kabla ya saa kumi, pumzi juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha plastiki, na yule mzee akasimama akampisha, kwa heshima, kama unavyompisha mgeni usiyemjua. Zuhura hakumwona. Nikabonyeza wimbo uanze. Ulianza na mkwaruzo wa kaseti, kuku kwa mbali, kisha sauti ya msichana, maana alikuwa msichana tu, anamwimbia mtoto kwa Kiluguru, anakatiza kucheka, anaendelea. Zuhura alifunika mdomo kwa kanga. Akalia kwa namna ambayo siwezi kukuigizia.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akanigeukia.

"Anaimba vizuri," akasema. "Ni nani?"

Nilimjibu, nikilia na mimi. "Mke wako, mtani. Na huyu ni mwanao."

Akamtazama Zuhura kwa muda, akamtazama vizuri. "Kumbe nilikuwa mtu wa bahati," akasema. Akarekebisha kofia, akatoka kwenye mvua, vidole vinapiga mdundo wa zile harusi kumi na mbili kwenye mfuko wa koti. Zuhura akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia na mashine, mafundi ndivyo tulivyo.

Jumamosi nilipanda Kinole kwenye arobaini. Watu walipokusanyika kaburini nilijilaza pembeni ya kaburi, nikaweka simu juu ya udongo na kuupiga ule wimbo kwa sauti ya juu, mara moja, mara mbili, mara saba. Watu wakacheka, wakasema Mnyamwezi kapata wazimu, mtani hakatazwi. Zuhura alikuja akajilaza karibu yangu. Nikamwambia yote palepale, udongoni. Aliniuliza kitu kimoja: je, baba yake alipomtazama, alimtazama kwa uzuri? Nikamwambia ndiyo.

Nakwenda kila mwaka kumpigia mzee wimbo wa mkewe, huenda akamjua upya. Wenye zile harusi kumi na mbili bado wananilalamikia video bubu walizopewa na Zuhura. Kipanya kikinifika mkononi siku hizi naviambia vidole kwa sauti: kopi. Na wewe uliyenisikiliza, ukiwa na diski ya mtu aliyekutangulia, usimwachie fundi ukaondoka. Kaa naye. Hakikisha anakopi. Na kama nyumbani una sauti ya mtu unayemfichia mwanao hadi siku nyingine, mwite leo aisikie, wakati bado unaweza kumwambia ni ya nani.